Kimeo

Msomaji, kama na wewe vitabu vyako umevipanga juu ya kreti la soda kwa sababu kabati huna, nadhani tutaelewana. Na kama umewahi kudanganya nyumbani kwa ajili ya kitu unachokipenda, tutaelewana zaidi.

Chumbani kwangu hapa Magomeni nina santuri 93 za sinema. Zilikuwa 112, hizo 19 nitakueleza zilikokwenda. Zimo ndani ya makasha mekundu ya plastiki, zimesimama wima kwa mpangilio wa alfabeti, kuanzia Apollo 13 mpaka V for Vendetta, na kila Jumamosi nazifuta vumbi. Mgeni akiingia macho yanamtoka. "Duh! Braza, hii maktaba! Tuweke moja basi." Hapo ndipo naanza kukuna kichwa. Haziwekwi popote. DVD ya kawaida haizisomi, kompyuta haizisomi, mashine ya Blu-ray nayo inazitema. Zinasomwa na mashine ya HD DVD tu, na Toshiba waliotangulia kuitengeneza walitangaza kuiacha tarehe 19 Februari 2008. Mtaani kitu cha namna hii tunakiita kimeo. Mimi nina kimeo cha makasha 93, na ninakifuta vumbi.

Ngoja nirudi nyuma, maana ugonjwa wenyewe niliupatia utotoni.

Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, mwenye deki ya video alikuwa mtu mzito mtaani, na asiyekuwa nayo alikwenda kwenye kibanda. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya gereji. Turubai juu, magunia pembeni, mabenchi ya mbao yenye misumari iliyochomoza. Kiingilio shilingi ishirini. Mikanda ilikuwa imedurufiwa kutoka kwenye mikanda iliyodurufiwa, hata ukifika kwetu sura ya steringi unaiona kama anasimama nyuma ya mvua. Adui ukimtambua, umemtambua kwa koti. Lakini tulikuwa na Lufufu! Sauti yake imewekwa juu ya picha, anatusimulia kwa Kiswahili kila anachosema Mmarekani au Mchina, na mengine ambayo Mchina mwenyewe hakuwahi kuyasema. Mdogo wangu alikuwa hajafika umri wa kulipiwa. Nilikuwa nambeba mabegani, yeye anaangalia juu ya vichwa vya watu, mimi naangalia migongo. Yeye ndiye alikuwa ananisimulia mimi kinachotokea.

Nilimwahidi kitu kimoja tukiwa tunarudi nyumbani usiku: nikipata hela nitanunua picha zote, zetu wenyewe, safi, tutakaa nazo ndani. Watoto wanaahidiana mengi. Mimi hilo nililishika.

Mwaka 2005 nikaenda Houston. Kusoma, kwa mujibu wa viza. Kwa mujibu wa mgongo wangu, kubeba boksi. Mkono wa ghala, zamu ya usiku, dola nane kwa saa. Geto nilikuwa nashirikiana na mshikaji wa Kisumu, mtu mpole, mpishi hodari wa samaki, ambaye alikuwa akiniita omera hata akiwa amekasirika.

Siku moja nimetoka zamu, nikaingia duka moja kubwa la vyombo vya umeme ili nipate kiyoyozi tu, si kununua. Walikuwa wameweka televisheni pana ukutani inaonyesha picha ya ubora mpya. Nilisimama pale nusu saa na viatu vya kazini. Msomaji, niliona jasho. Si mtu anayetoka jasho, jasho lenyewe, tone moja moja kwenye kope. Baadaye nilijifunza hesabu yake: DVD ya Marekani ina mistari 480 yenye nukta 720 kila mmoja, picha ile mpya ilikuwa na mistari 1,080 yenye nukta 1,920. Ukizidisha unapata mara sita kamili. Lakini pale dukani sikuwa na hesabu. Nilikuwa mtoto wa nyuma ya gereji ambaye ameonyeshwa, kwa mara ya kwanza, kwamba mvua imekatika.

Basi, nikaanza kufuatilia, na nikakuta kuna vita.

Kulikuwa na santuri za aina mbili, na zote zilitumia leza ileile ya buluu inayokaribia zambarau, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405. DVD hutumia nyekundu ya nanomita 650. Wimbi likiwa fupi, ncha ya mwanga inakuwa nyembamba zaidi, kwa hiyo unaweza kuandika vidogo zaidi na kubananisha mengi. Ni sawa na kubadilisha kalamu ya wino mzito ukachukua penseli iliyochongwa. Hapo walikubaliana. Walipogombana ni kina cha maandishi. HD DVD ya Toshiba iliweka data katikati ya unene wa santuri, milimita 0.6 ndani, kama ilivyo DVD, na hivyo viwanda vya zamani viliweza kugeuzwa bila gharama kubwa. Blu-ray ya Sony na wenzake iliweka data karibu kabisa na uso, milimita 0.1, ikahitaji mitambo mipya, lakini ikabeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja dhidi ya 15 za HD DVD. Matabaka mawili ni 50 kwa 30.

HD DVD ilianza kuuzwa Marekani Aprili 2006, mashine dola 499. Blu-ray ikafuata Juni, mashine ya kwanza dola 999. Novemba mwaka huohuo Sony wakatoa PlayStation 3 ikiwa na Blu-ray tumboni. Mnunuzi alidhani amenunua mchezo, kumbe ameandikishwa jeshini.

Studio nazo ziligawana kama watoto wa ndoa iliyovunjika. Disney na Fox walikwenda Blu-ray pamoja na Sony. Universal ilikuwa HD DVD peke yake. Warner walikula pande zote mbili. Paramount nao walikula kote, mpaka Agosti 2007 walipohamia HD DVD moja kwa moja, na wakati ule magazeti yaliandika kwamba kulikuwa na mamilioni ya dola chini ya meza hiyo. Kwa mpenda picha maana yake ni moja: hata ununue mashine gani, nusu ya sinema za dunia umenyimwa.

Mshikaji wangu wa Kisumu alinunua PlayStation 3. Mimi nilichagua HD DVD, na mpaka leo nasema sikuchagua kwa ujinga.

Kwanza bei. Tarehe 2 Novemba 2007, siku ya Ijumaa, Wal-Mart waliuza mashine ya Toshiba aina ya HD-A2 kwa dola 98 na senti 87. Nilifika kabla ya kumi na mbili asubuhi, nikakuta foleni. Mashine zilikuja pia na kuponi: unatuma kwa posta, unaletewa picha tano za bure. Sasa mimi ni mtoto wa shilingi ishirini. Picha tano za bure unanipitishia mbele ya pua, unategemea nini?

Lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine, na hii ndiyo iliyoniuma. Santuri za Blu-ray ziligawa dunia kwa kanda. Marekani iko ukanda A. Afrika yote, pamoja na Ulaya na Uarabuni, iko ukanda B. Studio ikiamua, santuri iliyonunuliwa Houston inafungwa, na mashine iliyouzwa kwetu haitaisoma. Baadhi ya studio ziliufunga mlango huo, nyingine ziliuacha wazi. Mnunuzi ndiye wa kubahatisha. HD DVD haikuwa na kanda. Haikuwekewa kabisa. Santuri ya Houston ni santuri ya Tokyo ni santuri ya Magomeni. Mimi nilikuwa sinunui picha za kuangalia Houston, bwana. Nilikuwa nanunua za kurudi nazo. Kumbuka ile ahadi.

Nilimweleza mshikaji hoja hii kwa kirefu, naye anakaanga samaki. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Omera," akasema, "maneno yako ni mazuri. Lakini umenunua Betamax."

Betamax ilikuwa ya Sony, 1975. VHS ya JVC ikaja 1976 na kuimeza. Safari hii Sony walikuwa wamejifunza.

Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa na santuri 28. Ndani ya kila kasha niliandika kwa kalamu ya wino jina langu, mji na tarehe, kama tunavyofanya kwenye vitabu. Weka hilo akilini.

Halafu ikaja Ijumaa ya tarehe 4 Januari 2008. Nilikuwa nimeamka mchana, nikafungua kompyuta, nikakuta Warner wametangaza: wanaiacha HD DVD, wanabaki Blu-ray tu. Wiki iliyofuata ilikuwa ya maonyesho makubwa ya vyombo vya umeme Las Vegas, na kundi la HD DVD likafuta mkutano wake na waandishi. Nilijua yamekwisha. Nilikaa kitandani na moyo unadunda kama mtu aliyeibiwa kwenye daladala. Nikasema ngoja mshikaji aingie, nimlilie, anicheke, angalau tucheke pamoja.

Aliingia na kadi za simu. Alikuwa amenunua nyingi, kazishika kama karata. Uchaguzi wa Kenya ulikuwa umefanyika tarehe 27 Desemba, na Kisumu ilikuwa inaungua. Alikaa sakafuni, akaanza kupiga. Namba ya kwanza haipatikani. Ya pili haipatikani. Mama yake alimpata saa tisa usiku. Wakaongea Kijaluo, sauti ya chini, mimi sielewi neno isipokuwa majina ya mitaa. Alipokata aliniuliza, "Na wewe, kwenu salama?" Nikamjibu kwetu salama. Kompyuta yangu ilikuwa bado wazi, ina kichwa cha habari chenye neno "vita", kuhusu santuri. Niliifunga taratibu.

Sikumwambia. Alikuja kujua mwenyewe Februari. Tarehe 11, Netflix na Best Buy. Tarehe 15, Wal-Mart, haohao walioniuzia. Tarehe 19, Toshiba wenyewe. Siku 46 toka Warner mpaka mazishi. Mwaka 2009 hata Toshiba wakaingia chama cha Blu-ray, wakaanza kutengeneza mashine za adui. Sisi askari wa kawaida hatukuambiwa tuweke silaha wapi.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi ndipo nilipoanza.

Maduka yalikuwa yanazifukuza santuri. Kasha lililokuwa karibu dola 40 unalikuta kwenye kapu la waya kwa dola 10, kwa 7, siku nyingine kwa 4. Zimerundikwa kama mitumba ya Karume, unainama, unachambua. Na picha ni ileile, msomaji! Jasho ni lilelile. Kushindwa kwa kampuni hakukuondoa nukta hata moja. Niliambia nafsi yangu: mashine ninayo, kanda hazina, bei imekufa, hii ni bahati ya maskini. Kuanzia Machi mpaka Agosti nilinunua santuri 84. Nilikuwa natoka zamu saa moja asubuhi, nalala kwenye basi, nashuka dukani. Kuna furaha katika kukusanya ambayo sijui niilinganishe na nini. Unaona pengo kwenye alfabeti, halafu siku moja halipo.

Sasa nifike pale ninapokwepa.

Mwaka ule mdogo wangu alimaliza kidato cha sita na akafaulu. Akapata nafasi chuo kimoja hapa Dar, uhasibu. Mkopo alikosa. Mama akapiga simu, tena alipiga yeye, si mimi, na hiyo peke yake ilikuwa habari. "Mwanangu, shikilia hili na mimi." Ilikuwa inatakiwa milioni moja na laki mbili. Dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 1,200, kwa hiyo ni kama dola elfu moja. Nikamwambia nitaona. Nikatuma 350. Nikamwambia kazini wamepunguza saa, hali ngumu, mwakani Mungu akipenda.

Saa hazikuwa zimepunguzwa. Zilikuja kupunguzwa Oktoba, uchumi wa Marekani ulipoanguka, na uongo wangu ukawa kweli kwa kuchelewa. Risiti za santuri zile 84 nilizijumlisha baadaye sana. Dola 712.

Mama hakuniuliza tena. Mdogo wangu naye hakuwahi kupiga simu kudai. Alinitumia ujumbe mmoja, "Poa braza, usijali, tutajipanga," na nikaushukuru ule ujumbe kama mtu aliyesamehewa, wakati aliyenisamehe hajui kosa.

Septemba kimbunga Ike kikapiga Houston. Umeme ukakatika siku kumi mtaani kwetu. Nilikaa gizani na santuri 112. Mshikaji akasema sasa ndiyo umefika nyumbani.

Nilirudi 2011. Ule mwaka wa mgawo mkali, mtaukumbuka. Mashine niliibeba ndani ya begi la mkononi, nimeizungushia mablanketi kama mtoto mchanga, na santuri zikaja kwenye pipa la meli miezi miwili baadaye. Nilipanga siku. Nilinunua televisheni pana Kariakoo. Nikamwambia mdogo wangu aje Jumapili jioni, aje na mama.

Mashine za Marekani zinakula volti 120. Zetu ni 230. Nilijua, nilikuwa nimekwenda kutafuta transfoma ya kushusha. Jumapili ile umeme ulirudi mapema kuliko zamu yetu, na binamu yangu, kwa mapenzi mema kabisa, akataka nikute kila kitu kimewaka. Akatafuta adapta ya soketi, akachomeka. Nilipofika kona ya nyumba nilisikia harufu.

Fundi wa Kariakoo aliifungua mbele yangu. Alibadilisha vya kubadilisha, akaichomeka kwenye transfoma, taa ikawaka, nikashangilia. Santuri ikaingia, ikazunguka, ikahangaika kama mzee anayetafuta miwani, ikatemwa. Ya pili ikatemwa. Fundi akainama kwenye lenzi na tochi. "Hii macho yake yamekufa. Niletee nyingine kama hii nitoe macho niweke hapa." Nikamwambia nyingine kama hii hakuna. Akanitazama. "Sasa bosi, kitu ambacho hakuna kingine, ulinunua cha nini?"

Mdogo wangu alikuja ile Jumapili. Tukanywa chai, tukaongea mambo mengine. Wakati huo alikuwa na duka lake la picha, chumba kimoja chenye mlango wa bati, anauza na kukodisha. Zilikuwa zile DVD za Kichina zenye sinema ishirini ndani ya santuri moja, halafu baadaye akaja kuwa na kompyuta, vijana wanakuja na flashi anawajazia. Hesabu zake zimeandikwa kwenye daftari la kaunta, mistari imenyooka, jumla kila jioni chini kwa wino mwekundu. Mtu akiliona daftari lile anamuuliza kasomea wapi uhasibu.

Miaka ikapita namna hiyo. Mshikaji wa Kisumu bado yuko Houston, ana Blu-ray zake, anaziangalia, ingawa siku hizi na yeye analalamika: Netflix wameacha kutuma santuri kwa posta Septemba 2023, Best Buy wakaacha kuziuza 2024. Washindi nao wanazeeka. Na kitu kingine, hiki naomba mnipe: santuri za Blu-ray za kizazi kipya, zile za 4K zilizotoka 2016, hazina kanda. Hoja yangu ilishinda. Mimi ndiye niliyeshindwa.

Mwaka jana, masika, mdogo wangu alikuja kujikinga mvua. Akasimama mbele ya rafu, kama watu wote. Lakini yeye ni mtu wa kazi hiyo. Hakutazama makasha tu, alifungua moja, akatoa santuri, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa The Bourne Ultimatum.

"Braza, mbona hii haina picha upande wowote? Ina maandishi madogo kwenye duara. Huku HD DVD. Huku DVD."

Nilikuwa nalijua hilo zamani, ila kwa miaka yote lilikuwa halinihusu. Wakati wa vita studio zilitoa santuri za nyuso mbili, upande mmoja ubora mpya, upande wa pili DVD ya kawaida, ili anayesitasita asiogope kununua. Tuliokuwa na mashine tulizilaani, maana zilipandisha bei kwa kitu ambacho hatukukitaka. Ule upande wa pili sikuwahi kuuangalia. Ningeuangaliaje? Ulikuwa na mistari 480.

Dukani kwake kulikuwa na DVD ya Kichina, zile ambazo hazijui kanda wala mipaka, zinasoma hata sahani. Tulikimbia kwenye mvua na kasha ndani ya shati. Ikasoma. Msomaji, ikasoma! Matt Damon akatokea, anachechemea kwenye theluji ya Moscow, mistari 480, kwenye televisheni ya inchi kumi na nne juu ya kaunta. Tuliangalia tumesimama. Vijana wawili wa flashi wakaungana nasi. Ilikuwa si safi sana. Ilikuwa safi kuliko nyuma ya gereji.

Siku ya pili akaja na mfuko wa rambo kuchambua zenye nyuso mbili. Nilikuwa naoga. Nilipotoka amekaa sakafuni, makasha yamefunguliwa pande zote, anayasoma kwa ndani. Jina langu. Houston. 14 Juni 2008. Houston. 2 Julai 2008. Houston. 9 Agosti 2008. Anayaweka kwa mpangilio wa tarehe, si wa alfabeti. Ni mtu wa hesabu.

"Braza," akasema bila kuinua kichwa, "hizi zilikuwa dola ngapi ngapi?"

Nikamwambia. Moja moja ninayoikumbuka, halafu jumla. Dola 712. Nikamwambia pia kwamba saa zilipunguzwa Oktoba.

Alikaa kimya. Nilisikia bomba la jirani linavuja. Nilisubiri aseme neno, lolote, hata tusi, maana yeye ni mdogo wangu lakini siku ile ningelipokea. Akahesabu zenye nyuso mbili, akapata 19, akazitia kwenye mfuko. Akayarudisha makasha mengine kwenye rafu, kwa alfabeti, kila moja mahali pake.

"Hizi za upande mmoja baki nazo," akasema. Akaondoka.

Tulikaa wiki tatu hatujaonana. Mama akaniuliza mna nini, nikasema hatuna kitu. Wiki ya nne nilipita dukani kwake jioni. Makasha yangu mekundu yalikuwa kwenye ubao nyuma ya kaunta, yamebandikwa karatasi nyeupe ndogo, kila moja na namba kwa mwandiko wake. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamwambia naomba ile ya Bourne, siku ile hatukuimaliza.

Akaifungua, akapiga santuri kwa kitambaa, akaandika namba yake kwenye daftari, na jina langu, na tarehe.

"Mia tano kwa usiku," akasema. "Ukichelewa kurudisha, mia tano nyingine."

Nikatoa noti ya elfu. Akanirudishia chenji.